London mpaka Amsterdam kwa ndege: dakika 45, saa mbili na ushee, au dakika 20? Kuku yuko mezani

#1 Kibuyu Mkavu
Wakuu salaam. Niende moja kwa moja, maana kuna kuku mzima wa kuchoma na soda nne mezani na mimi sina mpango wa kulipa.

Dada yangu yuko London, mwezi ujao anakuja nyumbani kupitia Amsterdam. Kanitumia tiketi niichape, kwa sababu bi mkubwa haamini safari mpaka ashike karatasi. Ofisini tukaitazama mimi na jirani yangu wa meza. Yeye akasema London na Amsterdam ni pua na mdomo, ndege dakika 45 umefika. Nikamwambia soma karatasi: inatoka London saa 12:30 asubuhi, inafika Amsterdam saa 2:50 asubuhi. Saa mbili na dakika ishirini hizo. Tukawekeana kuku.

Kugeuza ukurasa, safari ya kurudi: Amsterdam inaondoka saa 1:10 asubuhi, London inafika saa 1:30 asubuhi. Dakika ishirini! Mimi asubuhi kutoka Mbagala kwenda Posta, dakika ishirini sijafika hata Mtoni kwa Azizi Ally. Jirani akaanza kucheka, mimi nikanyamaza.

Simu inaniambia ni kilomita 358. Sasa wajuvi, ndege inatumia muda gani? Na kuku analipa nani?

#2 Mtukutu wa Nyali
Nimeshakaa siti ya mbele. Kwanza tujue, kuku wa kienyeji au wa kisasa?

#3 Mpenda Ramani
Tiketi huandikwa saa za mji husika. Kuondoka ni saa ya London, kufika ni saa ya Amsterdam, na Amsterdam iko mbele kwa saa moja. Saa 12:30 ya London ni saa 1:30 ya Amsterdam. Toka hapo mpaka 2:50 ni saa moja na dakika 20. Kurudi, saa 1:10 ya Amsterdam ni saa 12:10 ya London. Mpaka 1:30 ni saa moja na dakika 20 zile zile. Mods fungeni uzi.

#4 Kibuyu Mkavu
Asante mkuu. Kwa hiyo mimi nimezidisha saa moja, na jirani kapunguza dakika 35. Aliyekosea kidogo ni... ngoja nipige hesabu tena.

#5 Fundi wa Geti
Uzi usifungwe. Jirani hajakosea hata kidogo.

Nimefanya kazi miaka kadhaa kwenye uwanja mmoja mkubwa huko Uingereza, kazi ya chini kabisa, ile ya kabari za magurudumu na koni. Saa iliyoandikwa kwenye tiketi haina uhusiano na kupaa. "Kuondoka" ni pale kabari zinapotolewa na trekta inaanza kuisukuma ndege kinyumenyume kutoka getini. "Kufika" ni pale ndege imesimama geti la kule na kabari zimewekwa tena. Katikati hapo kuna kusukumwa, kuwasha injini, kutembea chini, kupanga foleni, kupaa, kuruka, kutua, kutembea tena. Ile saa moja na dakika 20 ni ya mlolongo mzima. Hewani ni dakika 40 na kitu. Kwa hiyo jirani yuko sawa.

#6 Ticha Mstaafu
Nipige hesabu za darasa la saba. Ndege ya abiria inakwenda kama kilomita 800 kwa saa. Kilomita 370 gawanya kwa 800, zidisha kwa 60, unapata dakika 28. Fundi anasema 40 na kitu, jirani anasema 45. Dakika 15 zimeliwa na nani?

#7 Mtukutu wa Nyali
Ticha umetoa wapi 370? Mleta mada kasema 358. Usitubambikie kilomita.

#8 Mpenda Ramani
Zote sahihi. 358 ni katikati ya mji mpaka katikati ya mji kwa mstari ulionyooka. Lakini ndege haipai kutoka Trafalgar Square. Uwanja wa Heathrow uko magharibi ya London na wewe unakwenda mashariki, kwa hiyo unaanza kwa kurudi nyuma. Kutoka Heathrow mpaka Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, ni kilomita 370, ambazo ni maili 200 za baharini, karibu kamili. Ukipanda London City, kile kiwanja kidogo cha kule bandarini mashariki, inashuka mpaka 335 hivi. Na kwa gari sahau hizo zote, ni zaidi ya 500, maana lazima uteremke mpaka Folkestone, uvuke kwenda Calais, upite Ubelgiji ndipo upande juu.

Kwa hiyo hata kabla ya kubishana muda, tuna umbali mara nne.

#9 Mwana wa Mchanga
Mimi naona mnazunguka. Jibu ni dunia kuzunguka. Dunia inazunguka kuelekea mashariki. Ndege ikitoka Amsterdam kwenda magharibi, London yenyewe inakuja kuilaki. Ndiyo maana kurudi ni dakika 20.

#10 Ticha Mstaafu
Mwana wa Mchanga, ukiruka juu ndani ya basi linalokwenda Morogoro, unatua siti ya nyuma?

#11 Mtukutu wa Nyali
😂😂😂 Ticha kamshusha mtu Chalinze.

#12 Mwana wa Mchanga
Cheka tu yakhe. Lakini mbona mwenzangu alienda Marekani akasema kwenda ni muda mrefu kuliko kurudi? Hilo nalo ni basi la Morogoro?

#13 Bi Kizimkazi
Hilo ni upepo, si dunia. Kule juu Ulaya na Atlantiki upepo mkubwa unavuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Anayekwenda mashariki anasukumwa, anayekwenda magharibi anapigwa usoni. Baba yangu alikuwa nahodha wa jahazi, tulifundishwa mapema: kusi ina safari zake na kaskazi ina zake.

Kwa London na Amsterdam, London kwenda ndiyo ya kusukumwa. Tuseme ndege ina mwendo wa 700 na upepo ni wa 100. Kwenda unapata 800, dakika 28. Kurudi unapata 600, dakika 37. Tofauti dakika tisa. Haiwezi kuwa saa moja, lakini ipo.

#14 Dada wa Rotterdam
Habari zenu. Hii njia naijua kama njia ya kwenda sokoni, mume wangu yuko Reading na mimi niko huku. Safari iliyopita niliamua kupima kwa simu, maana nilikuwa nimechoka kubishana naye kuhusu jambo hili hili.

Ndege ya 06:30. Mlango umefungwa 06:35. Imeanza kusukumwa 06:41. Imepaa 07:00 kamili. Hapo katikati tulikuwa kwenye foleni, nilihesabu mikia mitano mbele yetu. Imegusa ardhi Schiphol 08:43, yaani 07:43 ya London. Imesimama getini 09:00.

Kwa hiyo: dakika 19 chini London, dakika 43 hewani, dakika 17 chini Amsterdam. Jumla 79. Katika safari nzima ya "ndege", karibu nusu tulikuwa kwenye daladala lenye mbawa.

Vinywaji viligawiwa mbio mbio. Mhudumu alinipa chai, sijaipuliza ikapoa, akaja kuchukua kikombe.

#15 Kibuyu Mkavu
Dada wa Rotterdam, hizo 06:30 na 08:43 ni saa za Kizungu au za kwetu? Hapa ofisini watu wameanza kuhesabu vidole.

#16 Dada wa Rotterdam
Samahani. 06:30 ni saa kumi na mbili u nusu asubuhi. Nimekaa huku muda mrefu mpaka saa zimeniharibika.

#17 Mchuuzi wa Kilwa
Msicheke hilo la saa, liliwahi kutugharimu. Mjomba alikatiwa tiketi, imeandikwa 09:00. Mjomba akasoma saa tisa. Akasema vizuri, alasiri, nitaswali adhuhuri nyumbani halafu niondoke. Saa sita mchana kijana wake anapiga simu kumuuliza safari inaendaje, anamkuta anakula ubwabwa sebuleni. Ndege ilishaondoka saa tatu asubuhi. Tangu hapo kwetu mtu akisafiri, tiketi inasomwa na watu watatu.

#18 Mtukutu wa Nyali
Mjomba alimaliza ubwabwa lakini?

#19 Mchuuzi wa Kilwa
Alimaliza. Alisema hasara mbili hazina maana.

#20 Rubani wa Ndotoni
Narudi kwa Ticha #6, dakika 15 zimekwenda wapi. Mimi si rubani, nilifeli jicho, lakini masomo nilisoma.

Kwanza ndege haianzi na 800. Chini ya futi 10,000 kwa kawaida mwendo unadhibitiwa usizidi noti 250, ambazo ni kama kilomita 463 kwa saa. Kwenye safari fupi kama hii unatumia sehemu kubwa ya muda ukiwa unapanda au unashuka. Hiyo 800 unaionja kidogo tu, ndege ikishafika juu inaanza kuteremka.

Pili, hakuna mstari ulionyooka. Unapaa kufuata upepo, si kufuata uendako. Heathrow mara nyingi wanapaa kuelekea magharibi. Yaani unakwenda Amsterdam huku pua imeelekea Windsor, halafu unageuka. Kule mwisho nako unapangwa kwenye mstari wa kutua, unaweza kupitishwa mbali ndipo uingie.

Na kwenye kurudi ndiyo kuna shughuli. Heathrow ina njia mbili tu za kurukia na kutulia kwa msongamano wote ule, kwa hiyo wanaweka ndege kuzunguka hewani kwenye vituo vinne: Bovingdon, Lambourne, Ockham na Biggin. Anayetoka Uholanzi kwa kawaida huelekezwa Lambourne, kaskazini mashariki. Mzunguko mmoja ni dakika nne au tano. Ukipewa miwili mitatu, dakika zako ndizo hizo.

#21 Mwana wa Mchanga
Kwa hiyo kumbe kuna kuzunguka. Nilisema mimi.

#22 Ticha Mstaafu
Kaa chini.

#23 Kiherehere
Nyote mnawatetea mashirika. Ukweli ni kwamba wanatudanganya. Safari ya dakika 60 wanaandika 80 ili wakichelewa dakika 20 waseme wamewahi. Ndiyo maana kila siku unamsikia rubani anajisifu: "tumewasili dakika kumi kabla ya muda". Kabla ya muda gani? Muda wa kutunga! Ni kama fundi nguo anayekwambia njoo Ijumaa huku anajua Jumatano imekwisha.

#24 Fundi wa Geti
Fundi nguo gani huyo anayemaliza Jumatano? Nipe namba yake.

Kuna ukweli ndani, lakini si uongo mtupu. Kwenye takwimu zao, ndege inayofika ndani ya dakika 15 baada ya muda wake inahesabiwa imewahi. Kwa hiyo ni kweli ratiba inawekewa mto, yaani dakika za akiba. Lakini mto ukiwa mnene sana ni hasara kwao: wafanyakazi wanahesabiwa muda, na ndege ile ile inatakiwa kurudi London na kwenda tena, mara kadhaa kwa siku. Kila dakika ya bure ni abiria hawajabebwa.

Na kitu kingine kinachowashika ni nafasi ya kupaa. Anga ya Ulaya ikijaa, Eurocontrol kule Brussels wanakupa dakika yako ya kupaa. Unaruhusiwa kuiwahi kwa dakika 5 au kuichelewa kwa 10, basi. Ukiipoteza unaanza foleni upya. Nimeona ndege imejaa, mlango umefungwa, rubani amekaa anasoma gazeti. Abiria wanadhani ndege mbovu, kumbe wanasubiri namba.

#25 Wakili Msomi
Naomba niongeze la sheria, kwa sababu "kufika" ni nini liliwahi kufika mahakamani, si kijiweni tu.

Kwa sheria ya Umoja wa Ulaya, safari isiyozidi kilomita 1,500 ikichelewa kufika kwa saa tatu au zaidi kwa kosa la shirika, abiria anadai euro 250. Kulikuwa na safari ya kutoka Salzburg kwenda Köln. Magurudumu yaligusa ardhi ikiwa imechelewa saa 2 na dakika 58. Ilipofika mahali pa kuegesha ikawa saa 3 na dakika 3. Shirika likasema tumefika magurudumu yalipogusa, abiria akasema bado nilikuwa nimefungwa mkanda. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ikaamua: kufika ni pale mlango mmoja angalau unapofunguliwa.

Kwa hiyo Fundi, si kabari. Ni mlango.

#26 Fundi wa Geti
Mahakama na mlango wao. Ratiba ni kabari. Mtu wa sheria akizungumza na mtu wa magurudumu hapatani naye.

#27 Kiherehere
Wakili kathibitisha hoja yangu. Wanaweka mto ili wasilipe euro 250.

#28 Wakili Msomi
Hapana. Kizingiti ni saa tatu. Dakika 15 za mto hazimwokoi mtu aliyechelewa saa tatu, labda huyo wa Salzburg peke yake. Tena dada wa mleta mada akitokea London hashiki euro, anashika sheria ya Uingereza, kiwango chake ni pauni 220 kwa umbali huo. Na kama tiketi ni moja mpaka Dar, kinachoangaliwa ni kuchelewa kufika Dar, na kima ni kingine, kikubwa zaidi.

#29 Kibuyu Mkavu
Wakili usiniwekee matumaini, dada akisoma hii ataomba ndege ichelewe.

#30 Ngalawa Moja
Dada wa Rotterdam hakusema kitu kimoja, au yeye alibahatika. Schiphol ina njia sita za kurukia, na moja inaitwa Polderbaan. Ilifunguliwa 2003, ina urefu wa kilomita 3.8, na iko mbali na jengo la abiria kiasi kwamba ukitua huko unatembea chini dakika 15, hata 20. Iliwekwa mbali kwa ajili ya kelele. Mara ya kwanza nilidhani rubani kapotea njia. Tunatembea, tunatembea, pembeni ni mashamba ya mboga na mifereji. Ghafla nachungulia dirishani naona magari yanapita chini ya ndege! Kumbe kuna daraja la ndege juu ya barabara kuu ya A5. Kuna lori la mizigo lilipita chini yangu, dereva hata hakuinua macho.

Siku hiyo nilikuwa na ndege ya kuunganisha. Kutua tulitua kwa wakati, lakini mpaka mlango unafunguliwa nusu saa yangu imekwisha. Nikakimbia kutoka geti za D mpaka F na begi begani, viatu mkononi. Kufika, mlango umefungwa, ndege bado ipo pale naiona kwa kioo. Yule binti wa kaunta akaniambia kwa upole kabisa kwamba ndege imeshaondoka. Nikamwonyesha kwa kidole. Akasema ndiyo, imeshaondoka.

Kwa hiyo Kibuyu, muulize dada ana nafasi kiasi gani hapo Amsterdam.

#31 Kibuyu Mkavu
Nimeangalia. Saa moja na dakika 25 tu. Moyo umeruka kidogo.

#32 Dada wa Rotterdam
Inatosha asipozubaa madukani. Kutoka London hadi Dar hapiti uhamiaji wa Uholanzi. Asisimame kununua jibini.

Na Ngalawa, mimi hiyo 17 yangu ndiyo Polderbaan yenyewe. Njia nyingine huwa dakika tano sita.

#33 Bi Kizimkazi
Ni kweli huo uwanja uko chini ya usawa wa bahari?

#34 Dada wa Rotterdam
Ndiyo, kama mita tatu chini. Palikuwa ziwa, wakalikausha kwa pampu za mvuke, likamalizika 1852. Unatua mahali ambapo samaki walikuwa wanapita juu ya kichwa chako.

#35 Kigali Kwetu
Mabibi na mabwana, kwa nini kwenda mpaka Ulaya? Panda ndege Entebbe uje Kigali. Uganda wako mbele yetu kwa saa moja, na umbali ni zaidi kidogo ya kilomita 300, safari karibu saa moja. Unafika Kigali saa ile ile uliyotoka Entebbe. Mke wangu ni Mganda, kila akija anasema huo ndio muda pekee ambao Kigali imemrudishia.

#36 Wa Katanga
Sisi wa Lubumbashi tunacheka tu. Kinshasa na Lubumbashi ni nchi moja, serikali moja, lakini saa zetu zinapishana kwa saa moja. Hatuhitaji pasipoti ili kupotea saa.

#37 Mchuuzi wa Kilwa
Swali dogo. Hiyo tofauti ya London na Amsterdam ni saa moja siku zote? Nilisikia wakati wa baridi inakuwa mbili.

#38 Mpenda Ramani
Hapana, ni moja mwaka mzima. Wote wanabadili saa dakika ile ile, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Inayobadilika ni tofauti yao na sisi: London tunawazidi saa tatu wakati wa baridi na mbili wakati wa joto, Amsterdam mbili na moja.

Ila haikuwa hivyo zamani, na hapa ndipo panapofurahisha. Kabla ya vita vya pili Waholanzi walikuwa na saa yao wenyewe, inayofuata jua la Amsterdam. Tangu 1909 ilikuwa mbele ya Greenwich kwa dakika 19 na sekunde 32. Mwaka 1937 wakaizungusha ikawa dakika 20 kamili. Mei 1940 Wajerumani walipoivamia nchi wakaweka saa ya Berlin, na vita vilipokwisha haikurudishwa. Yaani ile saa moja inayomtesa Kibuyu kwenye karatasi ya bi mkubwa ni ya Hitler.

#39 Mtukutu wa Nyali
Uzi ulianza na kuku, sasa tuko Berlin. Napenda jukwaa hili.

#40 Ticha Mstaafu
Na tukirudi nyuma zaidi: safari ya kwanza ya KLM, shirika la ndege la Waholanzi, ilikuwa hii hii, London kuja Amsterdam, tarehe 17 Mei 1920. Walikodi ndege ya Waingereza aina ya DH.16, wakabeba waandishi wa habari wawili na magazeti. Ilipaa Croydon, Heathrow ilikuwa bado mashamba. Ndege zile zilikwenda kama kilomita 160 kwa saa, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe, ni saa mbili na ushee.

#41 Kibuyu Mkavu
Saa mbili na ushee! Kwa hiyo kwa 1920 mimi nilikuwa sahihi. Andikeni hiyo.

#42 Treni Mwendo
Hakuna aliyeuliza: kwa nini apande ndege? Kuna treni ya Eurostar kutoka stesheni ya St Pancras, London, mpaka Amsterdam, karibu saa nne, inapita chini ya bahari kwenye handaki la kilomita 50, halafu Brussels na Rotterdam. Ilianza Aprili 2018. Mwanzoni kurudi ilibidi ushuke Brussels kwa ajili ya pasipoti, mpaka Oktoba 2020.

Piga hesabu ya mlango kwa mlango. Ndege: kutoka mjini mpaka Heathrow saa nzima, kufika mapema saa mbili, ndege saa moja na dakika 20, begi nusu saa, treni ya Schiphol mpaka mjini dakika 15. Imefika saa tano. Treni: ukaguzi saa moja na kidogo, safari saa nne, unashuka katikati ya mji. Zinatoshana, na kwenye treni miguu inanyooka.

#43 Dada wa Rotterdam
Treni nzuri, ila bei ukichelewa kukata tiketi inakuuma kuliko meno. Wakati mwingine mimi napanda meli ya usiku, Harwich mpaka Hoek van Holland. Unalala, asubuhi uko Uholanzi. Na hakuna mtu wa kukuambia ufunge mkanda.

#44 Wakili Msomi
Treni kwa dada wa Kibuyu haifai. Atatoka nje ya mfumo wa kuunganisha na kuingia Uholanzi, atahitaji viza ya Schengen kama hana pasipoti ya huko. Halafu asubuhi saa ngapi afike Schiphol kwa treni, wakati ndege ya Dar inaondoka asubuhi?

#45 Mzee wa Kikuyu Dodoma
Treni Mwendo kasema kweli, tazama hapa kwetu. Dar na Dodoma kwa mstari ni kama kilomita 395, karibu sawa na London na Amsterdam. Tangu SGR ianze kubeba watu 2024, mimi ndege siipandi. Saa tatu u nusu hivi unashuka, umekula karanga zako, hakuna kuvua mkanda wala viatu.

#46 Mtukutu wa Nyali
Nairobi Mombasa ni kilomita 420 hewani, na treni yetu inachukua saa tano mpaka sita. Usituringie, mzee.

#47 Jirani wa Meza
Habari za humu. Mimi ndiye jirani. Nimesoma uzi wote jana usiku badala ya kulala.

Maneno yangu yalikuwa: "ndege dakika 45 umefika". Fundi #5 kasema hewani 40 na kitu. Dada wa Rotterdam kapima 43. Naomba kuku wangu, na pilipili iwe pembeni.

#48 Kibuyu Mkavu
Ulisema UMEFIKA. Wakili #25 kasema kufika ni mlango kufunguliwa. Dada wa Rotterdam alipotua dakika ya 43 alikuwa hajafika, alikuwa anatazama mboga. Hukumu ya mahakama ya Ulaya hiyo, si yangu.

#49 Fundi wa Geti
Kabari.

#50 Kiherehere
Mgawane kuku, mwanaume mzima unabishana dakika 34.

#51 Jirani wa Meza
Sigawani. Na yeye alisema saa mbili na dakika ishirini, hiyo nayo hakuna aliyeiona humu isipokuwa hao waandishi wa 1920.

#52 Bi Kizimkazi
Subirini dada asafiri, apime mwenyewe. Shahidi wa macho.

#53 Kibuyu Mkavu *(wiki tano baadaye)*
Wakuu narudi na mrejesho. Dada kafika salama, ndege ya Dar aliiwahi, bi mkubwa kalia, sasa hivi anamlazimisha kula mara ya tatu. Nilimwambia mapema apime kila kitu kwa simu kama Dada wa Rotterdam: kusukumwa, kupaa, kutua, kusimama.

Anasema alikuwa hajalala usiku mzima kwa kupanga begi. Alifunga mkanda, akaegemea dirisha, akalala kabla hawajasukumwa. Aliamshwa na kelele za breki.

#54 Jirani wa Meza
Nilijua. Familia nzima ni njama.

#55 Ngalawa Moja
Muulize, alipoamka dirishani aliona nini?

#56 Kibuyu Mkavu
Anasema aliona lori linapita chini ya ndege, akadhani bado anaota, akalala tena.